Namba ya Kungoja

Msomaji, namba isomwayo vibaya huweza kumtia hatiani mtu asiye na kosa. Nakusimulia kosa langu ili lisiwe lako.

Mimi ni mwalimu katika chuo cha ualimu huku Kisii. Jioni moja nalipeleka kwa intaneti alama za wanafunzi wangu katika afisi iliyokuwa ikizingoja. Kama zisingefika kabla ya usiku wa manane, wangehesabiwa kuwa hawakufanya mazoezi ya kufundisha. Faili ilikwenda kwa kusitasita, kisha ikakwama. Nikampigia simu karani wa afisi ile, nikamlaumu kuwa alama amezipokea na kuzipoteza.

Ushahidi wangu ulikuwa namba. Kompyuta hupelekeana habari kwa utaratibu uitwao TCP, ambao asili yake ni kazi ya Vinton Cerf na Robert Kahn ya mwaka 1974. Kila baiti ina namba yake, na mpokeaji hurudisha namba ya kukiri mapokezi. Katika kumbukumbu za kompyuta yangu naliona 5001 imerudi mara nne. Nikasema moyoni, "Baiti ya 5001 imefika, mbona karani anakana?"

Mwalimu mwenzangu wa kompyuta alitikisa kichwa. Namba ile haisemi, "Nimepata 5001." Husema, "Nimepata zote mpaka 5000, nangoja 5001."

Tuseme mikungu ya ndizi imetiwa namba, nayo yapakiwa katika lori sokoni Keroka, mpakani mwa Kisii na Nyamira. Apokeaye akiisha kuupata wa kumi, huita, "Wa kumi na moja!" Akiletewa wa kumi na mbili kwanza, huita vilevile, "Wa kumi na moja!" Basi namba irudiwapo hivyo, mpokeaji yu macho na ya mbele inamfikia; dalili ni kwamba kimoja kimepotea njiani. Baada ya marudio matatu, mpelekaji hukileta tena kilichokosekana.

Tukaichunguza njia, tukianzia kwetu. Waya ulikuwa umebanwa na mguu wa meza yangu mwenyewe! Tulipoubadili, alama zilifika kabla ya saa nne usiku. Nikampigia karani tena, mara hii kumtaka radhi.

Tangu siku ile siwaulizi wanafunzi, "Mmeelewa?" kwani wote huitikia ndiyo. Huwauliza, "Mnangoja nini?" Hapo ndipo niujuapo mkungu uliopotea.