Upungufu Uliokuwa Ngao

Washairi wa pwani wameitumia damu kwa kila jambo: undugu, mapenzi, kiapo, kisasi. Ni nadra kusemwa kwamba damu nayo huzeeka. Chembe nyekundu huzaliwa katika uboho wa mifupa, na kabla ya kuanza safari hukitupa kiini chake, ikabaki mfuko mwororo uliojaa hemoglobini. Kwa muda wa siku 120 hivi huchukua oksijeni mwilini bila uwezo wa kujitengenezea kimeng'enya kipya hata kimoja. Kilichopakiwa siku ya kung'oa nanga ndicho kitakachotumika hadi chombo kivunjwe.

Miongoni mwa shehena hiyo kimo kimeng'enya kiitwacho glukosi-6-fosfati dehidrojenesi, kwa kifupi G6PD. Hicho huitia sukari katika njia ya pembeni, isiyokusudia kuleta nguvu. Pato lake ni molekuli ya NADPH, nayo ndiyo inayoiwezesha glutathioni kuzima sumu zitokanazo na oksijeni. Chembe nyingine za mwili zina milango mingine ya kuipata NADPH; chembe nyekundu ina huo mmoja tu. Mlango huo ukiwa mwembamba, mtu huweza kuishi miaka mingi asijue lolote. Lakini na aje mgeni mkali, kama vile homa ya maambukizo, dawa fulani, maharage makubwa ambayo Waarabu huyaita ful, au hata vile vidonge vyeupe vya naftalini vinavyotiwa sandukuni baina ya nguo, basi chembe huanza kupasuka. Mkojo hugeuka mweusi kama chai ya rangi, na macho huwa manjano.

Habari hii ilijulikana kwa njia isiyopendeza. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili Marekani ilikuwa ikitafuta dawa ya malaria kwa ajili ya askari wake, na kuanzia 1944 majaribio yakafanywa katika gereza la Stateville, jimbo la Illinois, ambako wafungwa waliambukizwa malaria kwa makusudi. Utafiti ulipoendelea na kufika kwenye primakwini, baadhi ya wafungwa, hasa wenye asili ya Afrika, damu yao ilivunjika. Mwaka 1956 Paul Carson na wenzake walionyesha sababu: chembe zao zilikuwa na upungufu wa G6PD. Wafungwa walitia saini kwa hiari, ndivyo isemwavyo. Ila hiari ya mtu aliye nyuma ya nondo ni hiari ya kupimwa kwa mizani yake. Vitabu vya tiba huwataja madaktari kwa majina, na wenye damu huitwa wafungwa tu.

Mwaka 1960 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, na ambaye hapo awali alikwisha kuihusisha selimundu na malaria, aliandika juu ya upungufu huo huo katika damu za watu wa Afrika Mashariki. Upungufu, alivyouona yeye, haukuzagaa ovyo. Ulikuwa mwingi kule ambako malaria ilikuwa nyingi. Kimelea kinachoingia ndani ya chembe isiyojimudu hakistawi vizuri. Leo watu wanaokadiriwa kuzidi milioni 400 duniani wana jeni hiyo, na wataalamu wangali wakibishana ni nani hasa anayekingwa zaidi, mwanamume mwenye upungufu kamili au mwanamke mwenye nusu. Hapo neno lenyewe “upungufu” linaanza kutia shaka. Ngao haiitwi upungufu wa upanga.

Na mirathi yake ina desturi yake. Jeni ya G6PD imo katika kromosomu X, hivyo baba hampi mwanawe wa kiume kamwe, bali humpa kila binti. Ukoo huitwa kwa baba. Mkasa huu humfikia mwana kupitia kwa mama. Mama mwenyewe, ikiwa jeni zake mbili hazifanani, hubeba chembe za aina mbili katika mshipa mmoja, zenye nguvu na dhaifu, zikitembea pamoja.

Gharama ya kutoijua damu ya mgonjwa imelipwa zaidi ya mara moja. Dawa iliyounganisha kloroproguanili na dapsoni iliingia katika tiba ya malaria barani Afrika mwaka 2003, na mwaka 2008 ikaondolewa, kwa kuwa iliwapunguzia damu kwa hatari wagonjwa wenye upungufu huo. Mwaka 2012 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza primakwini kwa dozi moja ndogo, miligramu 0.25 kwa kila kilo ya mwili, ya kuzuia malaria ya falsiparamu isienee, bila kulazimisha kipimo. Tafenokwini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2018, haina ruhusa hiyo: mgonjwa hupimwa kwanza.

Sasa kimeng'enya chenyewe kimeanza kuwindwa. Mwaka 2018 watafiti walieleza molekuli waliyoiita AG1, ambayo huvishikanisha vipande vya G6PD dhaifu ili kifanye kazi; mwaka 2020 wengine wakatoa G6PDi-1, ya kukizima kabisa. Wapo wanaoifikiria saratani, kwani katika baadhi ya uvimbe G6PD huzidi, na kuzidi kwake huweza kuashiria maradhi makali. Hakuna kati ya hizo iliyokuwa dawa ya hospitali. Na anayetaka kukizima atapaswa kujibu chembe nyekundu zitaponaje.

Kipimo kilichochapishwa na Ernest Beutler na mwenzake mwaka 1968 hakina makuu. Tone la damu huchanganywa na kemikali zake, likadondoshwa juu ya karatasi na kuangaliwa kwa taa ya miale ya urujuanimno. NADPH ikiwapo, doa hung'aa. Isipokuwapo, karatasi hubaki na giza, na kidonge hurudishwa koponi.