Jina la Mzee wa Garimoshi

Mwaka 1996 tulipanda garimoshi Chicago kwenda Iowa. Kando yetu aliketi mzee Mmarekani mweusi, aliyekuwa zamani mhudumu wa mabehewa ya kulala ya Pullman: akitandika vitanda, aking'arisha viatu vya abiria usiku. Wahudumu wote abiria waliwaita "George", kwa jina la mwenye kampuni, George Pullman, kama mtumwa alivyoitwa kwa jina la bwana wake. Walikwishaunda chama mwaka 1925, kikapata mkataba mwaka 1937. Mazoea hayo yalidumu.

Tulimweleza kuwa kwetu mtoto hupewa jina siku ya saba, kwa akika.

"Na watu humwita hilo hilo?" akauliza.

Tulipovuka Mississippi tulimwuliza jina lake. Alilitamka mara mbili, polepole.