Maandishi Mekundu

Mzee amefariki, na mimi nimestaafu. Waliobaki kazini ni wale waliokuwa wakibishana naye, na siku hizi wanausimulia ubishi ule kana kwamba ulikuwa ukaidi wa mtu aliyeogopa mambo mapya. Nilikuwepo. Haukuwa hivyo.

Juu yangu mwenyewe hakuna mengi. Nilizaliwa Muheza, baba akiwa karani wa shamba la mkonge. Nikasoma Tanga, nikajifunza kutengeneza redio kwa mjomba, nikaenda chuo Dar es Salaam. Mwishoni mwa miaka ya tisini niliajiriwa na kampuni ya intaneti, kazi yangu kuvuta waya na kufunga antena juu ya mapaa. Mzee alikuwa fundi mkuu wa seva. Alinikuta saa ya chakula nimekaa kwenye ngazi nasoma kitabu cha Unix, akauliza nimefika ukurasa gani. Wiki iliyofuata nilikuwa chini yake.

Seva zetu zilikuwa za FreeBSD, mfumo wa ukoo wa Unix. Ndiyo iliyofundishwa katika warsha za mafundi wa mitandao wa Afrika, AfNOG, zilizoanza Cape Town mwaka 2000, na mafundi wengi wa rika langu walipitia huko. Tulikuwa na vituo mikoani: Mwanza, Mbeya, Kigoma. Kila kituo kilikuwa na dishi la setilaiti, rafu ya vifaa na mlinzi. Seva ya kituo ikigoma, huwezi kuingia kwa mbali, maana njia ya kuingilia ni mtandao uleule uliokufa. Kinachobaki ni skrini iliyo mbele ya mlinzi, na simu.

Hapo ndipo konsoli ya maandishi inapopata uzito wake. Ni sehemu ya kerneli, kiini cha mfumo, inayoandika kwenye skrini kabla programu yoyote haijaamka, na inaendelea kuandika programu zote zikishakufa. Draiva ya kazi hiyo wakati ule iliitwa syscons, aliyoiandika Søren Schmidt. Katika faili la kusanidi kerneli ilikuwa mistari miwili tu, device vga na device sc, na karibu kila fundi niliyemjua aliiacha kama ilivyokuja. Mzee aliona huo ni uvivu. Alinakili faili la kawaida, GENERIC, akalipa jina la kituo, MBEYA au KIGOMA, kisha akaongeza yake.

Kwanza rangi. Kwa kawaida syscons huandika ujumbe wa kerneli kwa weupe mkali na maandishi ya programu kwa kijivu, tofauti ambayo hata mimi kwenye skrini yenye vumbi sikuiona. Mzee aliweka SC_NORM_ATTR kuwa kijani na SC_KERNEL_CONS_ATTR kuwa nyekundu. Akakompaili kerneli, sisi tukaenda kula, tukarudi, bado inaendelea. Ilipokwisha na mashine kuwaka, kila neno la kerneli lilikuwa jekundu na kila neno la programu lilikuwa kijani.

Mwaka wa 2006, mgao wa umeme ulipokuwa mkali, nilielewa sababu. Betri zikiisha, seva inazimika ghafla, umeme ukirudi inawaka nusu. Mlinzi anapiga simu usiku.

"Shikamoo Mzee. Mashine imegoma."

"Marahaba, mwanangu. Maandishi ya chini kabisa yana rangi gani?"

Akijibu kijani, Mzee alijua kerneli iko hai na ni fsck inayouliza maswali juu ya diski. Alimwelekeza mlinzi herufi kwa herufi, abonyeze y, abonyeze Enter, asubiri. Akijibu nyekundu, Mzee alimwomba asome mstari wa kwanza wa wekundu huo, hata kwa kutaja herufi mojamoja. Kabla simu haijakatika tulijua kama ni diski, kumbukumbu au kadi ya mtandao, na kijana wa zamu alipanda basi la alfajiri na kifaa sahihi mkononi. Walinzi wale hawakufundishwa kompyuta na mtu yeyote, lakini walituletea habari kamili kuliko wahandisi wengi niliofanya nao kazi baadaye.

Kulikuwa na mengine. FreeBSD ikipata paniki, yaani kerneli ikianguka, husubiri sekunde 15 kisha inajiwasha upya. Nani atasoma herufi kwa simu katika sekunde 15? Mzee aliiongeza PANIC_REBOOT_WAIT_TIME ikawa dakika nzima. Aliweka pia SC_DISABLE_REBOOT ili Ctrl, Alt na Delete zisiiwashe mashine upya, maana kila kituo kilikuwa na mjuzi mmoja wa jirani aliyewahi kusikia kwamba hiyo ndiyo dawa.

Kisha akaja bosi mpya. Alitembelea kituo kimoja na wageni, akaona kijani na nyekundu, akasema zinatia aibu, kama taa za baa. Akaagiza kila mashine iwake na picha ya nembo ya kampuni. FreeBSD inaweza kufanya hivyo, na nembo ikikaa inafunika ujumbe wote wa kuwaka mpaka mtu abonyeze kitufe. Mzee alimweleza kwa adabu, mbele yetu sote, kwamba hiyo ni kuiziba kerneli mdomo. Hakusikilizwa. Haukupita muda, diski ya kituo kimoja ikaanza kufa, mashine ikakwama ikiwaka, na mlinzi akatuambia kwa uhakika kwamba kila kitu ni kizuri, anaiona nembo. Hakuna aliyekuwa amemwambia abonyeze chochote. Mji mzima ulikaa bila mtandao hadi fundi alipofika kwa barabara. Bosi yule alipandishwa cheo baadaye. Mzee hakupandishwa.

Ubishi mkubwa zaidi ulikuja na vt, draiva mpya ya konsoli iliyochukua nafasi ya syscons. Ed Schouten aliianza mwaka 2009, Aleksandr Rybalko akaiendeleza kwa fedha za FreeBSD Foundation, ikawa ya kuchagua mwaka 2014 na ya kawaida katika toleo 11.0 la mwaka 2016. Sababu zake zilikuwa za kweli. Syscons haikujua Unicode. Ukiitumia na draiva mpya za picha, ukishaingia X, yaani mazingira ya madirisha, huwezi kurudi kwenye maandishi, skrini inabaki nyeusi. Na mashine zinazowaka kwa UEFI hazina hali ya maandishi kabisa.

Mzee hakukataa hata moja. Alichosema ni kwamba seva ya Kigoma haina X. Katika hali ya maandishi ya VGA, skrini nzima ni safu 80 kwa mistari 25, baiti mbili kwa kila herufi, moja ya herufi yenyewe na moja ya rangi. Jumla baiti 4,000, kuanzia anwani B8000. Kerneli inayokata roho inaweza kuandika baiti mbili. Lakini vt kwenye VGA hufungua hali ya picha ya 640 kwa 480, yaani pikseli 307,200 za kupakwa, na baadhi ya kadi za usimamizi wa mbali tulizonunua zilikuwa zikisoma maandishi tu. Zikikutana na picha hazionyeshi kitu. Kwa hiyo alidai hw.vga.textmode=1 iandikwe katika loader.conf ya kila seva inayoweza. Mstari mmoja! Vijana wa ofisini waliupinga miezi kwa sababu herufi za picha zilikuwa nzuri zaidi.

Ninyi mnaoendesha leo mashine zilizoko Ireland ambazo hamtaziona kamwe, hili linawahusu kuliko lilivyotuhusu sisi. Hamna hata mlinzi. Someni ukurasa wa vt kwenye mwongozo. Amueni wenyewe kerneli itazungumzia wapi na kwa muda gani itakapokufa, kwa sababu msipoamua mtaletewa uamuzi wa mtu asiyejua kazi yenu.

Mara ya mwisho kumtembelea Mzee nilimpelekea kompyuta ndogo yenye vt. Nilikuwa nimeweka TERMINAL_KERN_ATTR kuwa nyekundu, kwani draiva mpya nayo inakubali rangi. Alivaa miwani, akatazama mashine ikiwaka, hakusifu. Akasema, "Iangushe." Nikaandika sysctl debug.kdb.panic=1, kerneli ikafa mbele yake, maandishi mekundu yakajaa. Akayasoma yote mpaka mwisho. Kisha akaniuliza kama nimekuja na waya wa siriali, maana alitaka niufunge na kuiangusha tena, aone kama pande zote mbili, skrini na waya, zinasema neno lilelile.