Haja ya Nyanya

Darasani twafunzwa kuwa tafsida ni ngao ya adabu. Nyumbani Mackinnon Road, niliiona ikimgeuka nyanya yangu. Uyabisi wa tumbo ulikuwa umemsumbua kwa miezi mingi. Muuguzi alipomwuliza shida yake, alijibu kwa staha, "Haja sina, mwanangu." Muuguzi akadhani hahitaji kitu, akamwita mgonjwa mwingine.

Watafiti hawakumudu haya hiyo. Daktari Denis Burkitt, aliyewahi kufanya kazi Uganda kwa miaka mingi, alipima kinyesi pamoja na wenzake. Mwaka 1972 walichapisha matokeo: wanakijiji wa Uganda, walao vyakula visivyokobolewa, walitoa takriban gramu 470 kwa siku, mabaharia wa Uingereza na wake zao, takriban 104 tu. Hata hivyo, majaribio ya tiba hayaishii kwenye mizani. Hutegemea pia kauli ya mgonjwa: amekwenda choo mara ngapi kwa wiki, na kwa taabu gani?

Siku ya pili nilimsindikiza nyanya, nikasema waziwazi, "Hapati choo." Alijifunika uso kwa leso, lakini dawa akapewa. Sisi tusomao lugha tuna deni: kutafuta maneno yatakayoisitiri aibu bila kuuficha ugonjwa.