Nyumba Niliyoiachia Mvua

Nimezaliwa Buyenzi, hapa Bujumbura, katika nyumba ya matofali mabichi aliyoijenga babu enzi za Wabelgiji, mji ungali ukiitwa Usumbura. Tangu utoto niliamini urithi ni mambo ya serikali: kaburi la Mwanamfalme Louis Rwagasore kule Vugizo, au jiwe la Mugere lenye majina ya Livingstone na Stanley, waliofika huko mwaka 1871. Nyumba yetu niliiona udongo tu.

Soko kuu lilipoungua Januari 2013, vitenge vyangu viliteketea, nikabaki na deni. Nikawashawishi ndugu zangu tubomoe nyumba tujenge vyumba vya kupangisha. Wakakataa. Basi nikafanya jambo ambalo hata leo naona haya kulisema: upepo ulipong'oa bati la pembeni, sikulirudishia. Niliiacha mvua inifanyie kazi, ili ndugu zangu waje wakute nyumba haifai tena. Na mama alikuwa humo humo, akikinga matone kwa beseni.

Mtaani kwetu kulikuwa na mzee mmoja, fundi aliyekwishastaafu, ambaye Jumamosi, kazi za jumuiya zikiisha, alikwenda na vijana kukarabati nyumba kongwe bila kudai hata faranga. Nilikuwa nikiwacheka. Siku moja nikawakuta uani kwetu wanakanyaga udongo uliochanganywa na majani makavu. Mama alikuwa amemtajia jirani habari ya beseni, basi.

Mzee alianza kwa kubandua plasta ya saruji niliyoipiga mwenyewe zamani, nikidhani naipendezesha nyumba. Nyuma yake tofali lilikuwa limelowa, linamenyeka kwa kidole kama ugali. Akanieleza kwamba ukuta wa udongo hunywa maji kisha huyatoa. Saruji huyafungia ndani. Juu zaidi, palipobaki chokaa ya babu, ukuta ulikuwa mkavu, ukiugonga unalia.

Nikashindwa kunyamaza. Nikamwambia habari ya bati.

"Tunajua, mwanangu," akasema. "Lete maji."

Sitaki kudanganya: sikubadilika siku ile. Nilibeba ndoo kwa aibu, huku kichwani nikipiga hesabu za kodi. Kilichonivuta polepole ni mazungumzo ya kazini. Mzee alikuwa akisimulia Waswahili wa Buyenzi na Bwiza walivyomuunga mkono Rwagasore mapema, kabla chama chake cha UPRONA hakijashinda uchaguzi wa Septemba 1961, na mwanamfalme mwenyewe kuuawa tarehe 13 Oktoba mwaka huo huo. Kila mwaka nilisikia mashada yamepelekwa Vugizo, wala haikunijia kwamba watu wale waliomuunga mkono walikuwa wakirudi kulala katika nyumba kama ya babu.

Mama aliishi miaka kadhaa zaidi, chumbani mwake pakavu. Fadhila hiyo sikuistahili, na waliotutendea hawakuwahi kunikumbusha. Sasa nami nimo kwenye kundi. Kupiga chokaa bado kunanishinda, lakini kwenye paa napanda mimi.

Kama nawe una nyumba ya wazee unayoombea ianguke, sina ubavu wa kukuhukumu. Juzi mdogo wangu amepiga simu, safari hii yeye ndiye anayetaka ghorofa. Ana watoto wa kusomesha, na hoja yake ni ya kweli. Nimemwomba kwanza aje Jumamosi, tuna ukuta wa jirani wa kumalizia.