Kila Kituo na Mgonjwa Wake wa Kwanza

Mwaka 2007 ofisi yetu ilikuwa Wandegeya, Kampala, na data za wagonjwa zilitufikia ndani ya flashi. Vituo vingi vya afya tulivyovihudumia wilayani havikuwa na intaneti. Karani alimkabidhi flashi dereva wa teksi, nasi tukaipokea Old Taxi Park. Kila kituo kilikuwa na hifadhidata yake, na kila hifadhidata ilihesabu wagonjwa kuanzia 1. Luweero walikuwa na mgonjwa namba 57, Masaka nao wa kwao. Tukiziunganisha rekodi, namba ziligongana. Ilibidi tugawe namba upya, kisha turekebishe kila jedwali lililozitaja: mahudhurio, vipimo, dawa. Kazi hiyo ilitunyima usingizi, maana kipimo kikihamia kwa mtu mwingine, anayeumia ni mgonjwa.

UUID ilitutoa hapo. Ni namba ya biti 128 ambayo kompyuta yoyote huitengeneza bila kuiuliza seva kuu, na uwezekano wa mbili kufanana ni mdogo mno. Kituo kisicho na mtandao kikasajili mgonjwa leo, rekodi ikaingia Kampala wiki iliyofuata bila kugongana na nyingine.

Uzito ukajitokeza kwingine. Wengi waliihifadhi UUID kama maandishi ya herufi 36, ilhali yenyewe ni baiti 16 tu. Katika hifadhidata ya MySQL, injini yake ya InnoDB hupanga rekodi kwa mfuatano wa ufunguo msingi, yaani namba inayotambulisha kila rekodi, na kila faharasa nyingine hubeba nakala ya ufunguo huo. Faharasa zikanenepa. Tena UUID za kubahatisha hazina mfuatano, hivyo seva ilihangaika kama karani anayepachika kila faili jipya katikati ya kabati lililojaa. OpenMRS, mfumo wa rekodi za wagonjwa ulioanza kutumika Eldoret, Kenya, mwaka 2006 na ambao ndio msingi wa UgandaEMR, ulishika njia ya kati: namba ndogo ikabaki ufunguo msingi, UUID ikakaa kwenye safu yake ya kutambulisha rekodi nje ya mfumo.

Mwaka 2018 MySQL 8.0 ilileta UUID_TO_BIN, ya kuigeuza UUID kuwa baiti 16. Mei 2024, kiwango cha RFC 9562 kikaidhinisha toleo la 7 la UUID, linalotanguliza wakati wa kutengenezwa, hivyo rekodi mpya hufuata za nyuma kwa mpangilio.

Kijana unayejenga mfumo leo, tumia toleo la 7 na ulihifadhi kwa baiti 16. Ila usilichapishe kwenye kadi ya mgonjwa: linafichua saa aliyosajiliwa, na siri hiyo ni yake.