Nyumba ya watu wawili: nusu ikawa robo

Ni Bunia, kartye Mudzipela. Mama mmoja muuguzi na ndugu yake mdogo walinunua nyumba pamoja kwa dola 20 000. Kila mmoja alitoa 4 000, benki ikakopesha 12 000 na nyumba ikawekwa rehani. Sertifika iliandikwa majina yote mawili, nusu kwa nusu.

Kabla ndugu hajalipa hata mwezi mmoja, vita ikamfukuza kule Djugu. Alifika na mke na watoto, ng'ombe walibaki nyuma. Dada alilipa peke yake dola 9 000, bila kuhesabu faida ya benki. Zikabaki 3 000.

Mabati yalipoanza kuvuja, dada akaomba mkopo mpya wa 5 000: 3 000 za kumaliza deni la zamani, 2 000 za mabati. Hapo ndipo alipogusa neno gumu: nusu ya ndugu ipunguzwe. Ndugu alimjibu: "Yaya, unataka nikimbie mara ya pili?"

Jamaa ilikaa. Nyumba leo ina thamani ya 24 000. Ukitoa deni la 3 000, inabaki 21 000, na nusu yake ni 10 500. Katika zile 9 000 alizolipa dada, 4 500 zilikuwa mzigo wa ndugu. Kwa hiyo ndugu anabaki na 6 000, robo kamili ya nyumba, na deni lote linabebwa na dada. Hesabu hiyo ilituliza watu kuliko mashauri yote ya wazee.

Wengi wanafikiri kutia sahihi benki kunatosha. Hapana. Benki inabadilisha deni tu. Fungu la kila mtu linabadilishwa kwa akti mbele ya notere, kisha konservatere wa ardhi anatoa sertifika mpya, na rehani inaandikwa juu yake. Bila hivyo, siku dada akifariki, watoto wake watakuta karatasi inasema nusu kwa nusu.

Kuna hatari nyingine, na ilimhusu aliyekimbia. Robo yake haina ukuta. Dada akishindwa kulipa, benki itauza nyumba nzima. Ndiyo maana ndugu aliomba karatasi ya pembeni: ikitokea hivyo, dada amrudishie thamani ya robo yake. Dada alinuna kidogo, akakubali.

Ikabaki sahihi moja. Sheria ya familia, iliyorekebishwa mwaka 2016, inataka mume na mke wakubaliane kabla ya kuhamisha haki ya ardhi au kuiweka rehani. Mke wa ndugu alipewa kalamu, akairudisha mezani. Akti ilikuwa ya Kifaransa, naye alitaka isomwe kwa Kiswahili, mstari kwa mstari. Ilisomwa karibu saa nzima. Kwenye neno "robo" aliomba warudie, kisha akatia sahihi.